Mikono Minne Kinywani

*Mwaka mmoja katika chuo cha jamii nchini Marekani unaweza kumtoa mhamiaji kwenye zamu za usiku na kumkalisha kando ya daktari wa meno. Ila cheti hicho hubadilika thamani kila unapovuka mpaka wa jimbo.*

Vichwa vya plastiki vimefungwa kwenye viti vya wagonjwa, vinywa wazi, kila kimoja na meno 32 yanayofunguliwa kwa bisibisi. Wanafunzi wamekaa wawili wawili. Mmoja ni daktari kwa leo, mwenzake ni msaidizi. Huyo "daktari" haruhusiwi kuinua macho. Akimaliza na kioo anakisogeza kidogo tu, na msaidizi anatakiwa akipokee kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kisha kwa vidole vya mbele vya mkono huohuo akabidhi kifaa kinachofuata, ncha ikiwa imeelekea jino linalotibiwa. Kikianguka, wanaanza upya.

Hilo ni zoezi la wiki za mwanzo kwa wanaosomea usaidizi wa daktari wa meno, na halitofautiani sana kati ya chuo kimoja cha jamii na kingine. Wanafundishwa kuuona uso wa mgonjwa kama saa ya ukutani, utosi ukiwa kwenye 12. Daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa kati ya 7 na 12. Msaidizi hukaa kati ya 2 na 4. Vifaa hubadilishana mikono kati ya 4 na 7, chini ya kidevu, kamwe si juu ya macho ya mgonjwa. Kigoda cha msaidizi huwa juu ya kile cha daktari kwa sentimita 10 hadi 15 ili aone ndani ya kinywa, huku mkono wake wa kulia ukishika mrija wa kunyonya mate na maji.

Madaktari huita mtindo huu kazi ya mikono minne. Miwili ikikosekana, kuziba jino kunachukua muda mrefu zaidi, wagonjwa wa siku hiyo wanapungua na mapato yanashuka. Ndiyo maana tangu janga la korona la 2020 madaktari wa meno wa Marekani hawajaacha kulalamika kwamba wasaidizi hawapatikani. Tafiti za mara kwa mara za Chama cha Madaktari wa Meno cha nchi hiyo zimeonyesha kuwa wengi wanaotafuta wasaidizi wanaona kazi hiyo ya kutafuta ni ngumu mno.

Malalamiko hayo yamesikika pia katika nyumba zinazozungumza Kiswahili. Mkenya wa Minnesota au Texas, Mkongomani aliyefika Iowa baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mrundi wa Des Moines: wengi wao walianza kwa kazi ya CNA, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa kwa zamu, mara nyingi usiku na wikendi. Kazi ya kliniki ya meno ni ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na kliniki nyingi hufunga hata Ijumaa yenyewe. Kwa mama mwenye watoto wa shule, hilo peke yake linatosha kumfanya aulize chuo kiko wapi.

### Aliyepoteza mkono kwa eksirei

Kazi hii ina historia, na sehemu yake bado inafundishwa darasani kwa sababu nzuri.

Mwaka 1885, daktari wa meno wa New Orleans aitwaye C. Edmund Kells alianza kuajiri mwanamke wa kumsaidia kwenye chumba cha matibabu. Zama hizo mwanamke wa heshima hakwenda peke yake kwa daktari mwanamume. Tangazo dirishani kwamba ndani yumo mama wa kuhudumu lilimletea Kells wateja wapya, na wenzake wakaiga. Mwaka 1924, Juliette Southard aliongoza kuanzishwa kwa chama cha kitaifa cha wasaidizi hao. Karne moja baadaye bado ni kazi ya wanawake: zaidi ya 9 kati ya kila 10 wanaoifanya ni wanawake, jambo ambalo nadhani linaeleza mengi kuhusu mshahara wake.

Kells huyohuyo alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kupiga picha za eksirei za meno, mwaka 1896. Alirekebisha mionzi ya mashine yake kwa kuweka mkono wake mbele yake. Vidole vikaota saratani, vikakatwa, kisha mkono ukafuata. Mwaka 1928 akajiua. Mwanafunzi wa leo anayekariri kanuni za kinga ya mionzi, umbali wa kusimama na pembe ya kusimama, anasoma kilichojifunzwa kwa mwili wa Kells na wa wengine kama yeye.

Mengine yamebadilika. Februari 2024 Chama cha Madaktari wa Meno kilishauri kwamba aproni za madini ya risasi hazihitajiki tena kwa picha za meno, kwa kuwa mashine za sasa hutoa mionzi kidogo na huielekeza vizuri zaidi. Baadhi ya majimbo bado yanazitaka kwa kanuni zake. Mwanafunzi hufundishwa yote mawili na kuambiwa afuate sheria ya mahali alipo. Sentensi hiyo, "fuata sheria ya mahali ulipo", ataisikia mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

### Saa 900

Chuo cha jamii ni taasisi ya Kimarekani hasa. Cha kwanza cha umma kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901. Leo viko takriban 1,000. Hupokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, ada yake ni ndogo, na vinamhudumia mtu wa mtaani: mwenye miaka 18 na mwenye miaka 45 hukaa benchi moja. Ada ya wastani kwa mkazi wa eneo husika ni kama dola 4,000 kwa mwaka. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo hairudishwi, ilifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024/25. Mwenye kadi ya kijani na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanaweza kuiomba. Aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi hawezi. Minnesota iliongeza mpango wake mwaka 2024: familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 hailipi karo katika vyuo vya umma vya jimbo hilo.

Kozi yenye ithibati ya Tume ya Ithibati ya Elimu ya Meno, inayojulikana kwa kifupi CODA, lazima iwe na saa zisizopungua 900 za mafundisho, na 300 kati yake ziwe za kumhudumia mgonjwa halisi chini ya uangalizi. Kwa kawaida inachukua miezi tisa hadi mwaka mmoja.

Saa hizo zinajaa haraka. Kuna majina na umbo la kila jino. Kuna kuchanganya unga wa kuchukulia chapa ya meno kabla haujaganda. Kuna kutengeneza taji la muda, kuandaa sindano ya ganzi (kuichoma si kazi ya msaidizi), kujaza fomu za bima, na ufufuaji wa mtu aliyezimia. Na kuna kutakasa vifaa, somo ambalo wanafunzi hulidharau hadi siku ya mtihani: mashine ya mvuke yenye joto la nyuzi 121 au 132, muda tofauti kwa kila moja, na kila wiki kipimo chenye mbegu hai za bakteria sugu ili kuhakikisha mashine inaua kweli. Mashine ikipita kipimo cha karatasi inayobadilika rangi lakini mbegu zikaota, inasimamishwa na kupimwa tena; zikiota tena, vifaa vilivyopita humo tangu kipimo kizuri cha mwisho vinarudi kutakaswa upya.

> Mashine ya mvuke ikipita kipimo cha rangi lakini mbegu za bakteria zikaota, inasimamishwa; zikiota tena, vifaa vinarudi kutakaswa upya.

Aliyesomea afya ya kinywa Afrika Mashariki ana mtego wake mwingine. Sisi tumezoea mfumo wa kimataifa wa tarakimu mbili: gego la kwanza la chini kushoto ni 36. Wamarekani huhesabu meno 1 hadi 32 kuanzia gego la mwisho la juu kulia, na jino lilelile kwao ni 19. Mtu anayejua meno kuliko mwalimu wake anaweza kuandika namba ya jino lisilo lenyewe kwenye faili, na faili ndiyo inayosomwa kabla ya kung'oa.

Kabla ya kuanza saa 300 za kliniki, chuo hudai ushahidi wa chanjo. Ile ya homa ya ini aina B hukamilika kwa kawaida ndani ya miezi sita, kwa hiyo anayeianza siku ya usajili anaweza kujikuta kliniki zimeanza bila yeye. Kipimo cha kifua kikuu nacho kina sarakasi yake kwetu: wengi tulichanjwa BCG utotoni, na kipimo cha ngozi kinaweza kuonyesha maambukizi ambayo hayapo. Kuna kipimo cha damu ambacho hakidanganywi na BCG. Anayekijua anakiomba mapema. Asiyekijua anakwenda kupigwa picha ya kifua na kupoteza wiki.

### Jumamosi kumi na mbili

Kando ya vyuo vya jamii kuna biashara nyingine, na ndiyo inayotangazwa zaidi. Ni kozi za binafsi za wiki 10 hadi 12, nyingi zikifundishwa Jumamosi ndani ya kliniki ambayo siku hiyo haina wagonjwa. Bei ni dola elfu kadhaa. Matangazo huahidi kazi mpya kabla msimu haujabadilika.

Piga hesabu. Jumamosi 12 za saa nane kila moja ni saa 96. Kati ya 96 na 900 kuna pengo ambalo hakuna bidii ya mwanafunzi inayoweza kulifuta.

Hata hivyo wanaozitetea wana hoja, na si ya kupuuzwa. Wanasema daktari mwenyewe ndiye mwalimu bora, kwamba mtu mwenye mikono mizuri na moyo wa kujifunza huwa tayari kwa miezi mitatu, na kwamba saa 300 za kliniki za chuoni hazilipwi. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Mjane anayelipa kodi ya nyumba na kutuma fedha nyumbani hawezi kirahisi kufanya kazi bure kwa wiki nane. Mwanafunzi wa Jumamosi anaendelea na CNA yake usiku wa Jumatano.

Upande wa pili, walimu wa vyuo vya jamii hujibu kwamba mgonjwa hana namna ya kujua aliyemwekea kifaa cha eksirei mdomoni alisoma saa ngapi, na kwamba ufupi wa kozi hizo unamwachia daktari mzigo wa kufundisha aliyekwisha kulipia mafunzo. Pia kuna swali la leseni.

### Jimbo kwa jimbo

Marekani haina sheria moja kuhusu msaidizi wa daktari wa meno. Kila jimbo lina bodi yake, na tofauti ni kubwa kiasi cha kuchekesha.

Minnesota ni kati ya yenye masharti makali. Kupata leseni ya usaidizi huko mtu huhitimu kozi inayokubalika, hupita mtihani wa Bodi ya Kitaifa ya Usaidizi wa Meno, DANB, kisha mtihani wa sheria za jimbo. Asiye na leseni hubaki na kazi chache. Lakini aliye nayo, akiongeza mafunzo maalumu, anaweza hata kujaza jino baada ya daktari kulichonga, kazi ambayo mahali pengi ni ya daktari peke yake. Vuka mto uingie Wisconsin na hutaulizwa leseni yoyote ili kuanza kazi. California humruhusu mtu kuanza bila cheti na kumpa njia ya kusajiliwa kwa uzoefu wa miezi 15 yenye saa 1,280. Texas humtaka mtu asajiliwe na bodi kabla ya kupiga eksirei.

Kansas imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1998 inawaruhusu wasaidizi waliopata mafunzo ya ziada kukwangua ugaga juu ya ufizi, kazi ambayo kwingine ni ya mtaalamu wa usafi wa kinywa. Wataalamu hao wamepigana na sheria za namna hiyo kila zilipopelekwa katika majimbo mengine, wakisema ugaga wa juu ya ufizi na wa chini yake ni ugonjwa mmoja na hauwezi kugawanywa kwa urahisi wa mwajiri. Madaktari wanaozitaka hujibu kwamba wagonjwa wa vijijini husubiri miezi kusafishwa meno. Pande zote mbili zina mfuko wa kulinda, na ni vizuri msomaji akumbuke hilo anaposikia kila upande ukimtaja mgonjwa.

Hapa ndipo cheti cha chuo cha jamii kinapopata thamani yake. Mhitimu wa kozi ya CODA anaweza kufanya mtihani wa kitaifa moja kwa moja. Asiyepitia huko anatakiwa kwanza aonyeshe saa 3,500 za kazi. Sisi wahamiaji huhama: binamu amepata nyumba Texas, kanisa la wenyeji wa Goma liko Iowa, kazi ya mume imekwenda Washington. Cheti cha Jumamosi 12 kinaweza kukufaa Wisconsin na kubaki karatasi tu upande wa pili wa mto.

> Mhitimu wa kozi yenye ithibati hufanya mtihani wa kitaifa moja kwa moja. Asiyepitia huko huonyesha kwanza saa 3,500 za kazi.

DANB ina njia nyingine ambayo wachache wa kwetu wanaijua: aliyehitimu udaktari wa meno nje ya Marekani anaweza kufanya mtihani huohuo wa usaidizi. Ni faraja yenye uchungu. Daktari wa meno aliyesoma Nairobi au Muhimbili hatambuliwi kuwa daktari huko hadi apite mitihani na, katika majimbo mengi, arudi chuo kikuu miaka miwili au mitatu kwa gharama inayotisha. Wengi hukaa kwenye kigoda cha msaidizi wakisubiri, wakimkabidhi koleo daktari ambaye wangeweza kumfundisha. Wengine husubiri mpaka kusubiri kunakuwa ndiyo kazi yenyewe.

### Uhaba wa watu au uhaba wa mshahara?

Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani ziliweka mshahara wa katikati wa msaidizi kuwa dola 46,540 kwa mwaka Mei 2023, takriban dola 22 kwa saa. Idara hiyo inahesabu wasaidizi karibu 380,000 nchi nzima na inatarajia kazi hiyo ikue kwa kasi kuliko wastani wa kazi zote. Kwa anayetoka kwenye kazi ya kuhudumia wazee, ambayo mshahara wake wa katikati ulikuwa kama dola 38,000 wakati huo, hiyo ni hatua. Kwa anayelipa kodi ya nyumba Seattle, ni hatua fupi.

Sasa linganisha na wanaokaa chumba kilekile. Mtaalamu wa usafi wa kinywa alipata katikati dola 87,530 mwaka huohuo. Yeye pia hutoka chuo cha jamii, kwa kozi ya miaka miwili ya fani baada ya masomo ya awali ya sayansi. Daktari mwenyewe alikuwa juu ya dola 160,000.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayasemi. Sheria ya afya ya Marekani huwalazimisha waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwapa bima ya afya. Kliniki nyingi za meno zina watu wasiofika 15. Matokeo yake kuna wasaidizi wanaofanya kazi ya afya bila bima ya afya kutoka kwa mwajiri. Ongeza shingo na mgongo unaouma kwa kuinama upande mmoja miaka nenda rudi, na hatari ya kuchomwa na sindano iliyotumika.

Kwa hiyo madaktari wanaposema "hatupati watu", mimi husikia sentensi iliyokatwa katikati. Watu wapo, wengi waliondoka mwaka 2020 na kugundua kwamba ghala la kuhifadhi mizigo hulipa karibu sawasawa, tena halina damu. Makampuni makubwa yanayomiliki minyororo ya kliniki yameanza kutoa bima na ada ya masomo ili kuwavuta. Kliniki za daktari mmoja zinajitahidi kufuata, na nyingine zinasubiri sheria zilegezwe badala ya mshahara kupanda.

### Kiswahili kwenye kiti cha mgonjwa

Kliniki za jamii zinazopata fedha za serikali kuu, zile zinazotoza kulingana na kipato, ndizo zinazowapokea wakimbizi wengi. Watoto wenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wana haki ya matibabu ya meno katika kila jimbo. Kwa watu wazima inategemea, tena, jimbo. Katika kliniki hizo msaidizi anayezungumza Kiswahili si mapambo.

Chukua mtoto wa familia ya Kikongomani au ya Kitanzania ambaye picha ya eksirei inaonyesha hana chonge za utotoni. Daktari wa Kimarekani atafikiri hitilafu ya kuzaliwa. Msaidizi aliyekulia kwetu atauliza taratibu kama mtoto alipokuwa mchanga alipata homa na kuhara, na kama alipelekwa kwa mganga kung'olewa "meno ya plastiki". Mama atasita, kisha atasema ndiyo. Hapo daktari anajua kwamba chipukizi za meno zilichokolewa, na kwamba anatakiwa kuangalia pia meno ya kudumu yaliyo chini yake.

Au mtu mzima wa Arusha mwenye meno ya kahawia. Miji mingi ya Marekani imekuwa ikiongeza floraidi kwenye maji ya bomba tangu mji wa Grand Rapids, Michigan, uanze mwaka 1945, na kiwango kinachoshauriwa sasa ni miligramu 0.7 kwa lita. Mwanafunzi hufundishwa kuiona floraidi kama rafiki wa jino. Maji ya visima vingi vya Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa la Kenya yana nyingi kupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha 1.5, na madoa hayo ni alama yake. Hayaondoki kwa mswaki. Mgonjwa aliyeambiwa maisha yake yote kwamba ni mchafu anastahili kuelezwa chanzo cha madoa hayo kwa lugha yake.

Lakini hapa nina onyo. Sheria ya Marekani inamtaka mtoa huduma anayepokea fedha za serikali kuu atumie mkalimani mwenye sifa, na kumtumia mtoto wa mgonjwa kama mkalimani hakuruhusiwi isipokuwa kwa dharura. Kujua Kiswahili na usaidizi wa meno hakukufanyi mkalimani, na kliniki inayokuita utoke chumba chako kutafsiri chumba cha jirani inakupa kazi mbili. Zipo zinazolipa nyongeza kwa lugha ya pili baada ya kukupima. Uliza siku ya usaili, kabla hujaonyesha kwamba utaifanya bure.

### Ngazi ina pengo

Wengi huanza usaidizi wakiwa na ndoto ya kupanda hadi usafi wa kinywa, kisha pengine udaktari. Vyuo hupenda kulisema hilo kwenye vipeperushi. Ukweli ni kwamba masomo ya fani ya usaidizi kwa kawaida hayahesabiwi kwenye kozi ya usafi wa kinywa, ambayo inadai baiolojia ya mwili, kemia na mikrobaiolojia yenye maabara. Msaidizi mwenye miaka mitano ya kazi hupewa alama chache za ziada kwenye maombi, halafu anaanza kemia upya kama mwenzake aliyetoka kidato cha mwisho jana. Vyuo vichache vimeunganisha njia hizi mbili. Kabla ya kujiandikisha, inafaa kumwomba mshauri wa chuo akuonyeshe kwa maandishi ni masomo yapi yatahesabiwa.

Ushauri wangu kwa anayeniuliza huwa mmoja: kama unataka usafi wa kinywa, soma sayansi za awali katika chuo kilekile wakati unafanya usaidizi, muhula mmoja somo moja, ada ikiwa bado inalipwa na ruzuku. Usisubiri "baadaye". Anayetaka tu kazi ya mchana yenye heshima, hana haja ya kujitesa na kemia. Kuna kliniki za kunyoosha meno na za upasuaji wa kinywa ambako msaidizi mzoefu hupata zaidi ya wastani, na kuna kazi ya kusimamia kliniki ambayo humfaa mwenye kichwa cha hesabu za bima.

### Julai 2026

Ushindani kati ya saa 96 na saa 900 unaelekea kupata nguvu mpya. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inafungua ruzuku ya Pell kwa kozi fupi za kazi za wiki zisizopungua 8 lakini chini ya 15, kuanzia Julai 1, 2026. Kozi hizo lazima ziwe na saa 150 hadi 599, gavana aziidhinishe, na wanafunzi wake wamalize na kupata kazi kwa kiwango kisichopungua asilimia 70.

Ukisoma namba hizo kwa makini, saa 96 za Jumamosi hazifiki. Lakini mwenye shule yenye ithibati anaweza kuongeza siku, na chuo cha jamii chenyewe kinaweza kufungua kozi fupi kando ya ile ndefu, katika majimbo yasiyodai leseni. Baadhi ya walimu wanaogopa hilo kuliko wanavyoogopa shule za binafsi, kwa sababu mkuu wa chuo hupenda kozi inayojaza viti mara tatu kwa mwaka.

Kozi ndefu haiwezi kujibu kwa kuongeza wanafunzi. CODA hairuhusu zaidi ya wanafunzi sita kwa mwalimu mmoja wakati wa kliniki na wa kupiga eksirei. Chuo chenye walimu wawili kina nafasi za kliniki 12 kwa wakati mmoja, hata kama waombaji ni 60, na mwalimu wa tatu lazima apatikane kati ya wasaidizi walewale ambao kliniki zinasema hawapatikani.